Taa Ikiwaka, Usishangilie Bado

Wanaounguza LED ni wa aina mbili. Wa kwanza hana mita. Wa pili anayo, tena nzuri, ila jana aliitumia kupima ampia, leo ncha nyekundu bado imo kwenye tundu la ampia 10, naye anakwenda nayo moja kwa moja kupima volti za betri. Wa kwanza ataunguza LED. Wa pili ataanza na fyuzi ya mita, au na ncha yenyewe kama tundu hilo halina fyuzi, kisha atafuatia LED, kwa kuwa sasa naye hana mita. Mwongozo huu ni wenu nyote wawili, na umeandikwa kwa mapenzi, maana LED nyingi mno zinakufa mikononi mwa watu wenye akili timamu na haraka ya kutosha.

Hali ni hii. Umenunua bodi ndogo ya dreva ya LED, haizidi kidole gumba. Betri ya volti 12 iko kushoto, LED mbili za wati moja moja ziko kulia, nyaya zimeshamenywa, na mkono wako wa kulia unawasha. Ukalie mkono huo kwanza, tuongee.

Nachukulia kwamba bodi yako ina chipu ya PT4115, kwa sababu ni ya bei ndogo, imesambaa, na ukizijua tabia zake utakuwa umezijua za ndugu zake wengi. Inapokea volti 6 hadi 30 na inaweza kutoa mpaka ampia 1.2. Pembeni yake kuna koili, daiodi, kapasita, na rezista moja bapa ambayo watu huitazama kama pambo. Hiyo rezista ndiyo mwenye nyumba. Kama bodi yako ina daiodi nne zaidi mlangoni, ni ya taa zinazotumia AC ya volti 12. Iweke kando kwa leo, kwa sababu graundi ya chipu yake haiko pamoja na waya hasi wa betri, na itakuvuruga tutakapofika kwenye kufifisha mwanga.

Dukani uliuliza, "Kaka, hii ni ya miliampia ngapi?" Ukajibiwa, "Inapiga zote hiyo, bosi wangu. Wati moja, wati tatu, wewe funga tu." Muuzaji hakukudanganya. Itaziwasha zote. Kilichobaki kuulizwa ni kwa muda gani.

LED ya wati moja inataka miliampia 350, na ikizipata huonyesha volti kama 3.2 hivi kati ya miguu yake. Watu huishika hiyo 3.2 wakaigeuza kuwa sheria: wanatafuta volti 3.2, wanafunga, wanaenda kulala. Lakini ongeza sehemu moja tu ya kumi ya volti na ampia zinaruka juu, hazipandi taratibu. Tena LED ikipata joto, volti inazohitaji hushuka, milivolti mbili hadi nne kwa kila digrii. Maana yake ukiishikilia kwenye volti zilezile, itavuta ampia zaidi, itapata joto zaidi, itavuta zaidi tena, na wewe uko sebuleni unawaambia watu kwamba umemaliza kazi. Dreva ipo kwa ajili ya kuuvunja mzunguko huo. Inahesabu ampia, na volti inaziacha zijipange zenyewe.

Inahesabuje? Inaitazama ile rezista bapa na kuhakikisha kwamba kati ya miguu yake miwili pana wastani wa volti 0.1, si zaidi. Basi chukua 0.1, igawanye kwa omu za rezista, umepata ampia zitakazokwenda kwenye LED. Juu ya rezista pameandikwa kwa herufi ndogo za kuumiza macho: R300 ni omu 0.30, kwa hiyo miliampia 333. R150 ni omu 0.15, miliampia 667. R100 inatoa ampia nzima. Herufi R imesimama mahali pa nukta, basi. Kama LED zako ni za miliampia 350 na rezista inasema R150, bodi hiyo itazimiminia karibu mara mbili ya haki yake, nazo zitang'aa vizuri ajabu, utawaita majirani, na kabla sherehe haijaisha mojawapo itakuwa imezimika. Tafuta miwani, soma rezista. Hatua hii haina mbadala, na inachukua muda mfupi kuliko kutafuta waya mwekundu.

Sasa nyaya. Betri chanya kwenye chanya ya bodi, hasi kwenye hasi. Mpaka hapo hata mtoto anaweza. Mtego uko upande wa LED. Kwenye saketi hii umeme unatoka chanya ya betri, unapita kwenye rezista, unapita kwenye LED zako mbili zilizofungwa kwa mfululizo, unapita kwenye koili, ndipo unafika kwenye chipu inayoufungua na kuufunga kuelekea graundi. Tazama vizuri LED imekaa wapi. Mguu wake hasi unaingia kwenye koili. Hauko kwenye graundi, haukuwahi kuwa kwenye graundi, na hautaki kwenda huko. Fundi wa magari, aliyezoea kwamba hasi ya kila taa hufungwa kwenye bodi ya gari, huu ndio mtihani wake. Ukiugusisha mguu huo kwenye hasi ya betri umeikwepa chipu yote: LED mbili zimebaki uso kwa uso na betri, katikati yao na kifo pana omu 0.3. Mwanga utakaouona utakuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kutoa, na wa mwisho. Wenye oskiloskopu nao wasijione wameokoka, maana klipu ya graundi ya kifaa hicho, kikiwa kimechomekwa kwenye soketi yenye waya wa ardhi, na umeme wa majaribio nao ukiwa umefungwa ardhini, inafanya kosa hilohilo kwa heshima zaidi.

Kwa hiyo LED tuziache mezani zipumzike, tuanze na mtu wa kujitolea. Nenda kwenye kopo lako la vipuri ukatoe rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5, ile nyeupe ya mraba inayofanana na chaki. Ifunge mahali pa LED. Nimeipendekeza kwa miaka na sijachoka kuisifu, kwa sababu inafanya kazi tatu kwa mpigo. Haijali chanya na hasi. Haifi: kwa miliampia 333 inabeba wati 1.1 tu, itapata joto la kawaida na kukusubiri. Na inageuka kuwa mita ya ampia, kwa maana volti utakazopima kati ya miguu yake, ukizigawanya kwa 10, ni ampia zenyewe. Volti 3.3, ampia 0.33. Huna haja ya kuikata saketi, huna haja ya lile tundu la ampia 10, fyuzi yako imesalimika.

Upande wa betri, weka mlinzi. Mwenye usambazaji wa umeme wa mezani aseti volti 12 na kikomo cha nusu ampia. Asiye nao, na ndio wengi, afunge balbu ya indiketa ya wati 21 kwa mfululizo kwenye waya chanya. Mambo yakiwa salama, balbu hiyo itabaki giza, kwani uzi wake ukiwa baridi hauzuii sana. Pakiwa na shoti itawaka ghafla na kuubeba mzigo wote peke yake, badala ya njia za shaba za bodi yako kuinuka kama magamba. Betri ya gari au bodaboda ina uwezo wa kutoa ampia nyingi kiasi cha kuyeyusha waya, na haitakuuliza kama umekusudia.

Kisha utaratibu, ambao ni mfupi na usiobadilika: mzigo kwanza, umeme baadaye. Wakati wa kufungua, umeme kwanza, mzigo baadaye. Dreva isiyo na kitu mbele yake inatafuta ampia zake, haizipati, inapandisha volti mpaka juu kabisa na kungoja. Bodi nyingi zina kapasita upande wa kutoka, nayo inajaa volti hizo. Ukija sasa na LED yako na kuigusisha, kapasita yote inamwagika ndani yake kwa mkupuo. Wapo wanaoshika waya wa LED na kuugusagusa kwenye bodi iliyo hai "kuona kama moto unafika". Unafika, ndugu yangu. Unafika wote.

Washa. Pima kwenye ile rezista ya omu 10. Ukiona kati ya volti 3.1 na 3.5, dreva iko na akili zake. Ukiona zimepita hapo kwa mbali, zima haraka: chipu imeshaungua kwa ndani au kuna lehemu imeunganisha mahali pasipotakiwa. Ukiona sifuri, usianze kuilaani bodi. Angalia kwanza kama pini ya DIM imegusa graundi, kwani kazi yake ikigusa ni kuzima kila kitu. Ukipenda uhakika wa ziada, rudisha mita kwenye milivolti na uweke ncha zake juu ya ile rezista bapa ya R300. Inapaswa kusoma karibu na milivolti 100. Namba hiyo ikikaa mahali pake huku mzigo ukibadilika, utapata raha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyeshika vyuma vya kulehemu.

Baada ya hapo ndipo LED zinaingia, zikiwa zimebandikwa kwenye bamba la alumini. Wati moja inaonekana ndogo, lakini LED bila bamba haina pa kuutupa moto wake. Mbili kwa mfululizo zitachukua volti kama 6.4, na betri itatoa takriban ampia 0.2 tu, kwa sababu dreva inashusha volti na kuongeza ampia badala ya kuzichoma. Zifunike kwa karatasi nyeupe kabla ya kuwasha. Hiyo LED nyeupe ndani yake ni ya buluu, iliyofunikwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuifikia buluu hiyo, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imewashinda wataalamu. Kitu kilichogharimu jitihada za namna hiyo kinastahili bamba la alumini na macho yasiyokitumbulia.

Tumefika kwenye kufifisha, na hapa ndipo watu hutia huruma. Wa kwanza anapunguza volti za betri: kutoka 12 hadi 11, hadi 10, hadi 9. Mwanga haubadiliki. Anashangaa, wakati dreva inafanya kile hasa alichoinunulia: inashikilia ampia zilezile, na upande wa betri inavuta nyingi zaidi kufidia volti zilizopungua. Mwingine anaongeza rezista kwa mfululizo na LED. Mwanga haubadiliki, rezista ndiyo inachemka. Wa tatu amekuja na dima ya ukutani, ile ya kuzungusha, ya umeme wa nyumbani. Huyo tumwombe aondoke mezani kabla hajatuletea volti 230. Wote watatu wanashindana nguvu na kifaa kilichotengenezwa kisishindwe. Kuna mlango, nao ni ile pini ya DIM. Pitia mlangoni.

Pini ya DIM ikiachwa wazi, chipu inaivuta juu yenyewe na taa inawaka kwa nguvu zote. Iguse na graundi kwa kipande cha waya: zii. Hilo ni jaribio lako la kwanza na limekugharimu waya. Usiiguse na volti 12 hata kwa kuteleza, kwa kuwa pini hiyo ni ya volti ndogo. Volti 5 zinaitosha.

Jaribio la pili linataka betri mbili za penseli na potenshometa ya kilo-omu 10. Betri mbili kwa mfululizo ni volti 3. Zifunge kwenye miguu ya pembeni ya potenshometa, hasi iunganishwe pia na graundi ya bodi, na mguu wa kati uende DIM. Rudisha ile rezista ya omu 10 mahali pa LED, maana sasa tunapima, hatutazami. Kuanzia volti 2.5 kwenda juu dreva inatoa zote. Zungusha mpaka DIM isome 1.25 na ampia zitakuwa nusu: kwenye omu 10 utaona karibu volti 1.7. Shuka mpaka 0.5, umebaki na sehemu moja ya tano. Ukiendelea chini yake mambo yanayumba, na ukiwa chini ya 0.3 inazimika. Maana yake ni kwamba njia hii haiwezi kukupa mwanga wa usiku wa chumba cha mtoto mchanga. Chini ya asilimia 20 haina kauli ya kuaminika. Kwa taa ya dukani inatosha kabisa.

Anayetaka kushuka zaidi anahitaji PWM, yaani kuiwasha na kuizima DIM kwa kasi isiyoonekana na kubadilisha urefu wa muda wa kuwaka. Arduino Uno inatosha. Unganisha pini ya 9 na DIM, na graundi ya Arduino na graundi ya bodi. Narudia kuhusu graundi, kwa sababu malalamiko mengi ya "dima haifanyi kazi" yanaishia hapo: waya huo ukisahaulika, DIM haisikii chochote, inajihesabu iko wazi, na taa inawaka kwa nguvu zote huku programu yako ikihangaika peke yake. Ongeza rezista ya omu 4,700 kutoka DIM kwenda graundi. Bila hiyo, kila unapowasha Arduino, katika ile nukta ambayo pini zake bado zimelala, taa itakumulika usoni kwa nguvu zote kabla ya kutulia. Saa nane ya usiku hilo si jambo la kumfanyia mtu unayeishi naye.

Ukiandika nusu, yaani 128 kati ya 255, rezista ya omu 10 itasoma karibu volti 1.65 kwenye mita, kwa vile mita inachukua wastani. Lakini funga LED na mwite mtu atazame. Atakuambia hujapunguza chochote cha maana. Jicho halihesabu kama mita: kiasi cha asilimia 18 ya mwanga ndicho linachokiita nusu, yaani kama 47 kati ya 255. Kwa hiyo usigawe hatua zako sawasawa. Ziweke zikiwa zimebanana huku chini na ndefu huku juu, la sivyo kitufe chako kitafanya mambo yote kwenye robo ya mwanzo na kukaa bure sehemu nzima iliyobaki.

Halafu kasi. Pini ya 9 ya Uno inapiga mara 490 kwa sekunde. Macho yanasema ni shwari, ila peperusha kalamu mbele ya taa uone inavyokatika vipande vipande, au elekeza kamera ya simu uone michirizi. Hapa sitanii hata kidogo. Taa hii huenda itamulika daftari la mtoto anayejiandaa na mtihani au chumba cha mtu mwenye kipandauso, na mwanga unaokatika huweza kuumiza kichwa hata pale jicho lisipouona. Waraka wa IEEE 1789 wa mwaka 2015 unaweka mpaka wa hatari ndogo, kwa mwanga unaozimika kabisa kila pigo kama huu, kwenye mapigo 1,250 kwa sekunde. Hata pini za 5 na 6, zenye mapigo karibu 980, hazifiki. Badilisha kigawanyo cha taima 1 kutoka 64 hadi 8, na pini ya 9 itapiga 3,921. Gharama yake utaiona chini kabisa: pigo la 1 kati ya 255 sasa lina urefu wa mikrosekunde moja, na chipu yenyewe haiwezi kufungua na kufunga kwa utulivu ndani ya muda huo. Hatua tatu au nne za mwanzo zitarukaruka. Zikate kwenye programu, uanzie 5. Mimi ningepoteza hatua hizo mara elfu kabla ya kumpa mtu taa inayomuumiza kichwa.

Mwisho iache iwake nusu saa kwa nguvu zote, karatasi ikiwa imeondolewa, nawe ukiwa umekaa karibu. Bamba la alumini liwe la moto unaovumilika kwa kidole. Pima tena milivolti kwenye R300. Ziwe zilezile za mwanzo. Zima umeme kwanza, kumbuka, ndipo ufungue nyaya. Kata kipande cha tepu ya karatasi, andika "333 mA, volti 12, LED 2, DIM sawa", na ukibandike mgongoni mwa bodi. Kisha chukua ya pili. Najua umenunua tano.